Chumba cha Kulala Mchana

Saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya watoto njiti, muuguzi ambaye kila mtu alimwita Sista alivuta dawa mara kumi zaidi ya ile iliyoandikwa. Karatasi ilisema nukta tano. Yeye alivuta tano. Sindano ilikuwa imeshafika kwenye mpira wa mtoto wa kilo moja na robo pale mwenzake wa zamu alipomshika mkono, akamwambia polepole, kama anayemwamsha mgonjwa, "Sista, hebu tusome pamoja."

Wakasoma pamoja. Sista akaitazama ile nukta. Ilikuwepo, nyeusi, ya wino uliokolea. Haikuwa imejificha popote.

Metroni alipoingia saa moja asubuhi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifunga mlango wa ofisi, akamsogezea kiti, akauliza, "Jana ulilala saa ngapi?"

"Nililala, Metroni."

"Sijakuuliza kama ulilala. Saa ngapi kwa jumla?"

Sista akapiga hesabu kichwani. "Mbili. Labda na robo. Kwa vipande vipande."

"Na juzi?"

"Hivyo hivyo."

Metroni akavua miwani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. "Kwenye wodi ile ninayemwamini kuliko wote ni wewe. Mshipa wa mtoto ambao mimi siuoni kwa miwani, wewe unaupata kwa kupapasa. Sasa nisikilize. Wiki mbili hizi utaendelea na zamu yako ya usiku, ila dawa hutagusa. Utapima joto, utabadili nepi, utaandika. Funguo za kabati niachie. Baada ya hapo nitakutazama. Kama bado unakuja kazini huku umekwisha, nitakupeleka masjala ukapange mafaili. Usinichukie. Sina namna."

Sista akaziweka funguo mezani. Kwenye korido mhudumu wa usafi alimwambia, "Pole na kazi, Sista," naye akaitikia kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

*

Chumba chao cha kulala kilikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha lake, pana kama kitanda, lilitazama mashariki. Aliyechora nyumba ile bila shaka alikuwa mtu wa kulala usiku. Jua lilichomoza nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili, likapanda taratibu, na ilipotimu saa mbili, saa ile ile Sista anapovua viatu, tayari lilikuwa limejinyoosha kitandani kama mgeni aliyewahi nafasi. Saa nne shuka lilikuwa la moto. Saa tano ukuta nao ulikuwa wa moto, na ulibaki hivyo mpaka alasiri. Feni ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ilichukua joto la juu ikalileta chini.

Kwa miezi kumi na moja, tangu walipohamia, Sista alikuwa amejaribu kila kitu. Alijaribu maboksi, yakaanguka. Alibandika kwenye vioo zile karatasi za fedha za kufungia chakula, mama mkwe wake akazibandua siku ya tatu kwa sababu jirani alimuuliza kama wameanza biashara ya kuku wa kuchoma. Alitundika blanketi. Blanketi likazuia mwanga likazuia na hewa, akaamka amelowa kama aliyetolewa kisimani. Alijifunga kitambaa machoni, akawa anakivua usingizini bila kujua.

Na maneno. Maneno aliyajaribu kuliko vyote.

Asubuhi hiyo alimkuta mumewe anafunga kamba za buti. Alikuwa mpima ardhi, na mtaani walimwita Mpima hivyo hivyo tu. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiyemnyima mtu kitu. Ugonjwa wake ulikuwa neno moja: nitashughulikia.

"Leo nimekaribia kuua mtoto," Sista alisema.

Mpima akaiacha kamba. Akasikiliza yote, mpaka funguo, mpaka masjala. Akamshika bega. "Pole sana, mke wangu. Hili nitalishughulikia."

"Usilishughulikie. Nataka mapazia ya roli, yale yanayojiviringisha kwenye bomba na kushushwa kwa mnyororo. Yanakatwa kwa kipimo cha dirisha lako. Nataka la giza. Jioni nitakwenda dukani mwenyewe."

"Wewe ulale. Kupima niachie mimi. Mwenzio napima mashamba ya watu. Mpaka ukikosewa hatua moja tu, watu wanatoleana mapanga. Nitashindwa na dirisha?"

Kutoka jikoni mama mkwe akadakia, "Giza la mchana la kazi gani? Nyumba inataka mwanga. Mimi mchana sijalala hata nilipokuwa na mimba yako wewe."

"Mama, mimi usiku nipo kazini," Sista alisema.

"Si ulale zile siku ambazo huendi?"

Sista akaenda kulala. Kilichomkera zaidi ni kwamba pesa ya pazia ilikuwepo, tena ilikuwepo tangu mwezi waliohamia. Kama wangekuwa hawana, angeelewa. Mtu anaweza kukosa usingizi kwa umaskini akajiliwaza. Kukosa usingizi kwa sababu hakuna mtu anayeona kama wa mchana nao ni usingizi, hilo alishindwa kulipa jina.

*

Siku ya tatu Mpima alimpokea mlangoni huku akitabasamu, akamziba macho kwa viganja, akamwongoza mpaka chumbani. "Karibu chumbani kwako, mama."

Pazia lilikuwa zuri. Hilo Sista hakumnyima. Lilikuwa la rangi ya kahawa, limenyooka kama sare iliyopigwa pasi. Mpima akavuta mnyororo, nalo likashuka bila hata kelele, likafika chini likatulia. Na nyuma yake Sista akayaona matangi ya maji ya jengo la pili. Akamwona na kunguru aliyetua juu ya tangi.

"Mbona namwona kunguru?"

"Ndiyo uzuri wake! Hiki ni kitambaa cha wavu. Wewe unaona nje, wa nje hakuoni. Muuzaji kasema ndilo linalonunuliwa sana kwenye nchi zenye joto."

"Nilisema la giza."

"Hili ni giza la kisasa."

Sista akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kila upande, kati ya kitambaa na ukuta, palikuwa na mwanya wa vidole viwili, na jua lilipita humo kama maji kwenye bati bovu. Mstari wa kulia uliangukia moja kwa moja kwenye mto wake.

"Na hapo je?"

"Hapo lazima. Bomba linashikiliwa na vyuma huku na huku, kwa hiyo kitambaa kinakuwa chembamba kidogo kuliko dirisha. Nilipima sawasawa kabisa."

Mama mkwe akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Angalau hili linaacha mwanga."

Siku hiyo Sista alilala muda wa saa moja na dakika arobaini. Usiku alipima joto la watoto, alibadili nepi, akawapisha wenzake kila walipofungua kabati la dawa.

Siku mbili baadaye, alasiri, alikutana kwenye ngazi na jirani wa jengo la pili, mwanamke aliyeitwa Mama Pacha. Alikuwa amemfuata huku huku, na alionekana hana raha.

"Sista, nikwambie kitu, usininunie?"

"Niambie."

"Lile pazia lenu jipya." Akatazama chini ya ngazi kuona kama kuna mtu. "Mchana halina neno. Ila jioni mkiwasha taa, tunawaona. Kila kitu. Mume wangu nimemgeuzia kiti, siku hizi anakula huku anatazama ukuta. Jana ulivaa sketi, ukaivua, ukavaa nyingine."

"Zipu ilikwama," Sista alisema, asijue kwa nini anajieleza.

"Niliona ilivyokwama," Mama Pacha alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo iliyouma.

*

Kesho yake alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani moja kwa moja na sare yake, yenye doa la maziwa begani. Ndani kulikuwa na kiyoyozi, na vipande vya vitambaa vimetundikwa kuta nzima, kuanzia vyeupe kabisa mpaka vyeusi ti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua rangi alilisogeza begi lake mbali na Sista kidogo, kwa adabu.

"Vitu vya kukatwa kwa kipimo haturudishi, dada," muuzaji alisema kabla hajamaliza salamu.

"Sijasema narudisha. Nauliza kwa nini mlimpa mtu pazia la wavu la chumba cha kulala."

Muuzaji akafungua faili, akatoa fomu, akaigeuza. Ilikuwa imejazwa kwa ule mwandiko mzuri wa Mpima, herufi zimesimama kama mawe ya mipaka. Upana ulikuwa umeandikwa kwa milimita. Kwenye mwelekeo wa dirisha, watu wengine huandika mashariki au magharibi. Mpima alikuwa ameandika nyuzi tisini na mbili. Alijua jua linatokea wapi kwa nyuzi. Hakujua linamwangukia nani. Kwa maana mstari uliofuata uliuliza matumizi ya pazia, na hapo aliandika neno moja: mapambo.

"Mapambo," Sista alisoma kwa sauti.

"Alisema anataka kukufurahisha," muuzaji alisema. Yule mwanamke wa begi akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

"Nataka kuonana na mkubwa wako."

"Yupo kwenye simu. Subiri hapo."

Sista akakaa. Kiti kilikuwa laini, hewa ilikuwa ya baridi, na mbele yake kulikuwa na kitambaa cheusi kikubwa kilichoteremshwa mpaka sakafuni. Alikitazama. Alikuja kushtuliwa na mkono wa mlinzi begani kwake.

"Mama, samahani, hapa si mahali pa kulala. Wateja wanakuangalia."

Sista akasimama haraka, akapangusa mdomo. Hapo ndipo mwanamke mtu mzima, chaki mkononi na miwani imepanda kwenye paji la uso, alipotoka chumba cha nyuma. Alikuwa fundi mkataji. Akamwambia mlinzi, "Mwache. Mtu halali kwenye kiti cha duka kwa raha zake." Akamgeukia Sista. "Unafanya kazi usiku?"

"Shikamoo. Ndiyo. Hospitali."

"Marahaba. Unalala saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Mpaka napoweza."

"Jua linatoka dirishani saa ngapi?"

"Saa sita hivi. Lakini ukuta unabaki wa moto."

"Kioo kinateleza au kinafunguka kwa nje? Na ukilala unakiacha wazi?"

Sista akajibu. Kwa miezi kumi na moja hakuna mtu aliyemuuliza maswali hayo. Yalikuwa maswali manne tu.

Fundi akamkalisha tena, akavuta vipande viwili vya kitambaa. "Watu wanachanganya vitu viwili, mwanangu. Mwanga na joto. Hiki cha giza, kikikaa ndani, kinaua mwanga. Lakini kisikae ndani ya shimo la dirisha kama lenu. Kikae juu ya ukuta, kivuke dirisha kiganja kizima kila upande, ndipo mwanya unakwisha. Na mgongo wake uwe mweupe, ulirudishe jua lilikotoka. Ukichukua cheusi pande zote unajipikia mwenyewe. Sasa joto. Joto likishapita kioo limeshaingia. La ndani litalipunguza, halitalimaliza. Ukitaka likome, lizuie kabla ya kioo. Kwa hiyo wavu unakaa nje, giza linakaa ndani, kioo katikati unakiacha wazi kidogo hewa ipite."

"Wavu ninao tayari."

"Basi hujatupa kitu. Kitambaa chake kinastahimili jua na mvua. Nitabadili bomba na vyuma, maana vile vya ndani vitaota kutu, na pembeni nitapitisha waya upepo usilichukue." Akavikunja vile vipande. "Ila lazima nitoboe ukuta wa nje. Sitaki nije na drili yangu halafu mwenye nyumba anifukuze. Zungumza na mumeo kwanza."

*

"Lile halijamaliza hata wiki!" Mpima alisema. Alikuwa anafunga begi la safari. Alikuwa anakwenda porini siku mbili kupima eneo la shule. "Unataka wale wa dukani waseme mimi sikujua kupima?"

"Wameshasema."

Mpima akaifunga zipu ya begi kwa nguvu. "Mke wangu, na wewe una jambo. Mtu akichoka analala. Mimi porini nalala juu ya mawe, juani, na nzi wananitembelea. Hili ni la kuzoea tu."

"Miezi kumi na moja sijazoea."

"Nikirudi nitalishughulikia."

"Mwache mwenzio asafiri na moyo mweupe," mama mkwe alisema.

Sista alikuwa na jibu, aliliona kabisa, lakini lilikuwa refu na lilihitaji nguvu, na yeye alikuwa akiwaza kama atalala dakika ishirini au thelathini kabla ya kuvaa sare. Alivaa gizani, bila taa, akafunga vifungo kombo.

Jumamosi asubuhi walifika nyumbani kwa wakati mmoja. Gari la kazini lililomleta Mpima lilikuwa limeharibika njiani, wakasukuma na kusubiri na kusukuma tena usiku mzima. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walikutana mlangoni, wote wawili wameshika kitasa.

"Kitanda chukua wewe," Sista alisema.

"Na wewe?"

"Nitatandika godoro koridoni. Wewe umechoka. Lala."

Hakusema kwa hila. Alisema kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kugombania kitanda ambacho kwake hakikuwa na faida. Mpima akajitupa kitandani na nguo zake. Kwa robo saa akakoroma. Sista, godoroni, akausikia ule mkoromo ukifika mahali ukakatika.

Saa tatu mstari wa jua wa kulia ulimfika Mpima jichoni. Akageuka. Alipogeuka, wa kushoto ukawa unamsubiri. Akahamia upande wa miguuni. Saa nne shuka likashika moto, akalitupa. Akafungua dirisha, vumbi na honi zikaingia. Akalifunga, hewa ikaisha. Jikoni mama yake akawasha redio. Kisha mlango wa nje ukabishwa, na mama akaja akagonga chumbani.

"Baba! Baba, amka. Kuna mgeni anataka kukusalimia tu."

"Nimelala, mama."

"Mchana huu?"

"Mama, nimekesha!"

"Si dakika moja tu? Atasema tunaringa."

Mpima akatoka kusalimia, akarudi. Sista akasikia kitanda kikilia, feni ikizunguka, kitanda tena. Baada ya muda mama akagonga kuuliza chumvi ipo wapi. Saa tano na nusu mlango ukafunguka kwa kishindo, na Mpima akasimama koridoni kifua wazi, jasho linamtiririka, macho mekundu kama yaliyomwagiwa pilipili.

"Mama!" alifoka. "Mama, kuna watu wamelala humu ndani! Zima hiyo redio!"

Redio ikazimwa. Mama mkwe akatokea, kijiko mkononi, mdomo wazi. Mwanawe hakuwa amewahi kumfokea tangu azaliwe.

Mpima akainamisha macho akamwona mkewe godoroni. Alikuwa macho. Hakucheka. Kama angecheka ingekuwa rahisi kwa Mpima.

"Huyo fundi wako," Mpima alisema, "namba yake unayo?"

*

Fundi alikuja Jumatatu na begi la vifaa na futi yake ya chuma. Mpima akatoa na yeye ya kwake, ndefu, ya kazini. Fundi akaiangalia.

"Hiyo ni nzuri. Shika ncha hii hapo juu. Hapana, si kwenye shimo. Ukutani. Kiganja kimoja kutoka dirishani. Viganja vyangu, si vyako."

Mpima akashika. Akataka kusema kuwa ukuta una mwinamo kidogo. Fundi akasema, "Naona. Shika tu." Alipima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha akatoka kwenye roshani ya jikoni akajinyoosha kuchungulia ukuta wa nje.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha koridoni akitazama, bado amenuna. "Chumba kitakuwa kaburi," alisema.

"Kitakuwa kaburi saa sita tu, dada yangu," fundi alimjibu bila kugeuka. "Akiamka anavuta mnyororo. Aliye kaburini havuti mnyororo."

"Na majirani watasema kuna mgonjwa."

"Wasipolala wauguzi, wagonjwa wataongezeka."

Mama mkwe akaenda kuteleka maji ya chai. Alimletea fundi kikombe cha kwanza, jambo lililomshangaza hata Sista.

Jumatano yalifungwa yote mawili. Wavu wa kahawa ukakaa nje, umebanwa na waya huku na huku. La giza likakaa ndani, mgongo mweupe umetazama kioo. Fundi akavuta mnyororo. Chumba kikapotea. Sista alisimama katikati akanyoosha mkono mbele ya uso wake, hakuuona. Akasikia hewa kidogo ikipita chini, ya kawaida tu, si ya moto.

"Basi," fundi alisema gizani. "Tutokeni. Mwacheni."

Siku hiyo alilala muda wa saa nne na nusu. Siku iliyofuata saa tano. Hakuota chochote. Ijumaa usiku mwenzake wa zamu alimtazama akibadili nepi, akamwambia, "Leo unatembea tofauti."

Wiki mbili za Metroni zilikwisha Jumamosi. Alikuja mapema, kabla zamu ya usiku haijatoka, akasimama nyuma ya Sista, akamwambia avute dawa ya mtoto wa kitanda cha nne. Sista akasoma karatasi mara mbili kwa sauti, akavuta, akainua sindano kwenye taa. Metroni akaangalia mstari, akaangalia karatasi. Hakusema hongera. Alitoa funguo mfukoni mwa koti akaziweka juu ya trei, akaendelea na kitanda cha tano. Sista akampa mtoto dawa yake. Alikuwa mwingine, yule wa kilo moja na robo alikuwa ameshafika kilo moja na nusu, amelala kwa mama yake.

*

Aliporudi nyumbani alilala muda wa saa sita kamili, bila kukatika katikati. Alipofungua macho hakujua kama ni mchana au usiku, na kwa dakika nzima hakujali. Kisha akasikia sauti ya Mpima sebuleni. Alikuwa kwenye simu na rafiki yake wa kazini.

"Hilo nilishalimaliza, bwana. Ni suala la kujua kuchagua kitambaa tu. Watu wanachanganya mwanga na joto. Mke wangu sasa hivi analala kama mtoto. Nilimwambia tangu mwanzo, niachie mimi nitashughulikia."

Sista akakaa kitandani. Kuna kitu kilikuwa kinapanda kifuani mwake, kizito, chenye afya, na ilimchukua muda kukitambua kwa sababu hakuwa amekisikia kwa karibu mwaka mzima. Zilikuwa hasira. Si ule uchovu wenye kero, hapana. Hasira zenyewe, zimekamilika, zina kichwa na miguu.

Akatoka. Alama ya mkunjo wa shuka ilikuwa bado shavuni.

"Kata simu," alisema.

Mpima akamwona uso, akaikata.

"Miezi kumi na moja nilikuwa sina nguvu ya kukasirika. Nilikuwa naanza, nasinzia katikati. Leo nimelala. Kaa chini."

Mpima akakaa.

"Nilikwambia mara ngapi kwamba silali?"

"Mara nyingi."

"Uliamini lini?"

Mpima alipapasa mkono wa kiti. Jikoni mama yake aliacha kuchambua mboga. "Jumamosi ile."

"Ulipolala wewe."

"Nilipolala mimi."

"Nilikwambia nimekaribia kuua mtoto. Hata hilo halikutosha. Ulikwenda dukani ukaandika mapambo."

Lile neno la Mpima lilimjia, lilionekana wazi likipanda mpaka kwenye midomo, na akalirudisha. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye.

"Kuna mengine?"

"Mengine yapi?"

"Uliyoniambia."

Sista akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Zamu ilikuwa inaanza saa moja na nusu jioni. Muda ulikuwepo. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Yapo. Tuanze na yale mafunzo ya mwaka jana. Siku niliyokwambia hospitali imeniteua mimi, ukasema tutaona."

Mpima akakunja uso, akatafuta, akatafuta tena. "Hilo," alisema, "kusema kweli silikumbuki."

"Najua," Sista alisema. "Ndiyo maana nimekwambia ukae."